Zidisha kwa 72: namna ya kujenga Spitfire ya plastiki bila kupoteza vipande wala usingizi

Mjenzi wa modeli za ndege utamtambua kwa mkao. Yuko sakafuni, shavu limegusa zulia, tochi ameilaza chini, anatafuta mlingoti wa antena wenye urefu wa milimita chache. Watu wa nyumbani wanamruka kwenda jikoni na hakuna anayeuliza tena. Kipande hicho kikipatikana atashangilia kuliko aliyeshinda bahati nasibu, kisha atakipaka rangi ambayo ataibishania na wenzake hadi usiku wa manane.

Mwongozo huu ni wa mtu wa namna hiyo, au anayeelekea huko. Mfano wetu ni Spitfire Mk I, toleo la kwanza la ndege ya kivita ya Uingereza, ya skeli ya 1/72. Spitfire ya kwanza iliruka tarehe 5 Machi 1936, na mwaka huohuo Uingereza kampuni ya Frog ilianza kuuza seti za Penguin, ndege za plastiki za kuunganisha za 1/72. Skeli hiyo inatokana na vipimo vya Kiingereza: inchi 1 inasimama badala ya futi 6, kwa hiyo rubani mrefu ana inchi moja tu. Ndege halisi ina upana wa mita 11.23 kutoka ncha ya bawa hadi ncha na urefu wa mita 9.12. Mezani kwako itakuwa milimita 156 kwa 127. Ukichukua ya 1/48 utapata milimita 234 kwa 190, na macho yako yatashukuru.

Kanuni ya kushika tangu mwanzo ni hii: kosa lolote ulipime kwa milimita, uzidishe kwa 72, ndipo uamue kama linastahili usiku wako. Unywele wa milimita 0.07 ulionaswa kwenye rangi ni waya wa milimita 5 uliolala juu ya bawa. Chembe ya vumbi ya milimita 0.2 ni jiwe la milimita 14. Alama ya kidole kwenye gundi, ambayo mistari yake imeachana kwa nusu milimita, ni matuta ya sentimita 3.6 kila moja, na hakuna rubani ambaye angekubali kupaa nayo. Mistari ya mabati iliyochongwa kiwandani kwa upana wa milimita 0.3 ni nyufa za sentimita 2. Hiyo ya mwisho huwezi kuiondoa yote, ila unaweza kuacha kuijaza wino mweusi ikaonekana zaidi. Tumia kijivu kilichokolea kidogo tu, basi.

Kukata vipande bila kulisha zulia

Kwanza osha fremu zote za plastiki kwa maji ya uvuguvugu na matone machache ya sabuni ya vyombo, suuza, ziache zikauke zenyewe. Vipande hutoka kiwandani na mafuta ya kuvitoa kwenye kalibu, na rangi haishiki juu ya mafuta.

Kipande kikubwa kikate mara mbili: mara ya kwanza mbali kidogo, ukiacha kishina cha milimita 1, mara ya pili kwa wembe mkali, kisha msasa. Ukikata karibu kwa mkupuo mmoja, plastiki hupasuka kuelekea ndani na kuacha shimo jeupe.

Vipande vidogo ndivyo vinavyoruka. Sababu ni koleo: midomo yake inaibana plastiki kabla ya kuikata, na ikikatika ile nguvu yote inatoka kwa ghafla. Ingiza fremu na koleo ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, ukatie humo humo. Kibano nacho usikibane kwa nguvu, maana ncha zake zikipishana kipande kinafyatuka. Vaa aproni na ncha zake za chini uzibandike kwa tepu kwenye ukingo wa meza. Vinavyodondoka vitaishia mapajani. Kama kimoja kimekushinda, zima taa, laza tochi sakafuni na utazame vivuli. Hakikuonekana? Vuta soksi nyembamba ya kike juu ya mdomo wa mashine ya kufyonza vumbi, ifunge kwa mpira, pita taratibu. Kipande kitanasa kwenye soksi pamoja na vingine ulivyovikatia tamaa zamani.

Chumba cha rubani, mahali akili zinapopotelea

Hapa ndipo wajenzi wengi hukwama miezi. Wananunua seti ya ziada ya mabamba membamba ya shaba, wanakunja swichi, wanachora kila saa ya dashibodi, halafu wanafunga kiwiliwili na vyote vinaingia gizani milele. Tunawaelewa kabisa, maana kazi yenyewe ni tamu. Lakini fanya jaribio kwanza: shikiza nusu mbili za kiwiliwili kwa tepu bila gundi, weka kioo juu, umulike kwa tochi. Unachokiona ndicho cha kupambwa. Kwenye Spitfire ya 1/72 utaona kiti, mikanda, ncha ya usukani na sehemu ya juu ya dashibodi. Sakafu na pedali huzioni.

Paka ndani rangi ya kijivu-kijani ya ndege za Uingereza. Mikanda ifanye kwa tepu ya karatasi: mkanda halisi wa sentimita 5 unatakiwa uwe na upana wa milimita 0.7, hivyo kata kwa wembe mpya na rula ya chuma. Kama unakunja shaba, ipitishe kwanza juu ya mwali mpaka ibadilike rangi, uiache ipoe. Italainika na haitakatika kwenye mkunjo.

Gundi

Gundi ya maji-maji ya plastiki haigandishi kitu juu ya kitu, inayeyusha pande mbili zikawa moja. Shikanisha nusu za kiwiliwili, gusa mshono kwa ncha ya brashi, na gundi itajivuta yenyewe kufuata ufa. Ndiyo maana kidole kisiwe juu ya mshono: gundi inafuata ufa hadi chini ya kidole, na pale ndipo yale matuta ya sentimita 3.6 yanapozaliwa. Gundi ikigusa bawa kwa bahati mbaya usiifute. Iache ikauke, kisha piga msasa.

Baada ya kuunganisha, bana kwa utaratibu hadi plastiki laini itokeze kidogo kwenye mshono, halafu acha saa 24. Ukiharakisha kupiga msasa, plastiki bado ni laini ndani. Wiki ijayo itasinyaa na mshono utarudi katikati ya rangi uliyoisifia.

Mabawa ya Spitfire yanainuka kidogo kuelekea nchani, na watu hukosea hapo mara nyingi. Kabla gundi haijakauka, weka ndege mezani, pima kwa rula umbali wa kila ncha kutoka mezani. Tofauti ya milimita 1 ni sentimita 7.2 kwenye ndege halisi, na jicho huiona bila rula. Kukiwa na ufa pale bawa linapokutana na kiwiliwili, pitisha tepu kutoka ncha hadi ncha juu ya mgongo, uikaze mpaka ufa ufungike, ndipo utie gundi. Njia hii inakuokoa na puti nyingi.

Spitfire hukalia mkia, kwa hiyo haina shida ya uzito. Siku utakapojenga B-25, P-38 au Me 262, zenye gurudumu la mbele, kumbuka kutia chubwi za mshipi puani kabla ya kufunga kiwiliwili. Shikiza ndege nzima kwa tepu, iweke juu ya penseli pale magurudumu makubwa yatakapokaa, ongeza uzito hadi pua ishuke, kisha ongeza tena kidogo kwa ajili ya rangi na vikorokoro. Ukisahau, ndege itakaa kwa matako, na utabaki kuieleza kila mgeni.

Rangi, na ugomvi wa rangi

Jaza nyufa kwa puti, piga msasa wa maji namba 400, kisha 600, malizia 1000. Pulizia praima ya kijivu, yaani rangi ya msingi inayotangulia nyingine. Praima ni shahidi: mshono usioonekana kwenye plastiki utaonekana hapo. Rudia mpaka isiwe na la kusema.

Rangi ya akriliki ya kupulizia ichanganye na thina yake nusu kwa nusu, iwe nyepesi kama maziwa, na uipulizie kwa brashi ya hewa yenye shinikizo la psi 15 hivi. Ukikuta uso unakwaruza, rangi imekauka hewani: sogea karibu au ongeza thina. Ikitiririka, umekaribia mno. Tabaka jembamba mara tatu ni bora kuliko zito moja, kwani rangi yenye unene wa milimita 0.1 ni lipu ya milimita 7.

Sasa chini ya mabawa. Juni 1940 jeshi la anga la Uingereza liliagiza ndege zake za kivita zipakwe chini rangi iitwayo Sky, ya kijani-manjano iliyopauka. Rangi haikutosha, na baadhi ya vikosi vilichanganya zao. Kwa hiyo unapoona watu wazima wawili wamenuniana kwa sababu ya kichupa cha rangi hiyo, ujue wote wawili huenda wana haki. Ushauri wetu: chagua ndege moja yenye picha, fuata picha. Picha hiyohiyo ikuonyeshe kama madoa ya kahawia na kijani ya juu yamefuata mchoro A au mchoro B, ambao ni A uliogeuzwa kama kwenye kioo. Rangi zote zipaushe kwa tone la nyeupe, sababu kitu kidogo kilichopakwa rangi kamili huonekana cheusi kupita kiasi. Ncha za pangaboi ni njano, inchi 4 kwenye ndege halisi, milimita 1.4 kwako.

Alama na namba hubandikwa kwa stika za maji, na hazitaki uso mkavu usiong'aa. Hewa hunaswa kwenye mikwaruzo midogo na stika hugeuka ya fedha. Piga vanishi ya kung'aa kwanza, loweka stika sekunde 20 hivi, telezesha, kamua maji kwa pamba ya masikio, kisha paka dawa ya kulainisha. Itakunjamana na kutisha. Usiiguse! Itajinyoosha yenyewe ikikauka.

Vanishi isiyong'aa ndiyo ya mwisho. Kwa mlioko Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, msiipulizie mchana wa masika. Thina ikiruka kwa kasi huipoza hewa, unyevu unatua juu ya rangi, na ndege inatoka nyeupe. Ikishatokea, tabaka jepesi la vanishi ya kung'aa mara nyingi huurudisha uwazi, kisha subiri siku kavu.

Kioo cha rubani kibandike kwa gundi nyeupe ya mbao. Supagluu hutoa mvuke unaoganda kwenye kioo na kukitia ukungu usiofutika. Fremu za kioo zipake kwanza rangi ya ndani, juu yake rangi ya nje, ili anayechungulia aone rangi sahihi pande zote.

Waya wa antena, kutoka mlingotini hadi mkiani, ulikuwepo kwenye Spitfire za mwanzo na ukaondolewa redio ya VHF ilipoingia, kwa hiyo angalia picha. Waya wa milimita 2 unapaswa kuwa milimita 0.03, mwembamba kuliko unywele wako. Chukua kijiti cha fremu, kizungushe sentimita 2 juu ya mshumaa hadi king'ae na kulegea, kitoe motoni, ndipo uvute. Kuvuta haraka kunaleta uzi mwembamba zaidi. Kata, gundisha kwa tone dogo mno la supagluu, na kama umelegea usogezee kijiti cha moto bila kuugusa, utajikaza.

Kabati

Kila Novemba wajenzi hufurika Telford, Uingereza, kwenye maonyesho ya Scale ModelWorld, na wengi hurudi nyumbani na masanduku mengi kuliko modeli walizokwenda nazo. Seti ambazo hazijajengwa hujaa chini ya kitanda hadi nyingine zipewe jina la zawadi za watoto. Zihifadhi vizuri. Tairi za mpira laini zitenganishe na plastiki, maana baada ya miaka huziyeyusha rimu. Stika ziweke kwenye mfuko uliofungwa, mbali na unyevu. Zikishageuka njano, ziache ndani ya mfuko huo, uzibandike dirishani zikitazama jua kwa wiki mbili au tatu, ukizikagua kila baada ya siku chache, na unjano utapauka. Kabla ya kuzilowesha jaribu moja usiyoihitaji; ikivunjika vipande majini, zilizobaki zipige vanishi ya kung'aa, ziache zikauke, na uzikate moja moja kwa kufuata ukingo.