Somo: Jinsi mahakama inavyoamua kesi za uraia, hatua kwa hatua

Wakuu, wengi tunakariri vifungu vya uraia ila hatujui jaji anavipitiaje, na mtu asiyejua hilo anaonewa kirahisi sana.

Hatua ya 1. Angalia uraia wenyewe umeandikwa wapi. Kenya upo ndani ya katiba ya 2010, ibara ya 16 inasema mkenya wa kuzaliwa haupotezi kwa kuchukua uraia wa nje, ndo mana Miguna Miguna, mwanasheria mkenya wa kuzaliwa aliyechukua pia uraia wa Canada, baada ya kusafirishwa kwa nguvu kwenda Canada alishinda Mahakama Kuu mwaka huohuo wa 2018. Kwetu Tanzania katiba ya 1977 haielezi mtu anaupataje wala anaupotezaje, kazi hiyo imeachiwa Sheria ya Uraia ya 1995, kwahiyo mtu mzima ukichukua uraia wa nje kwa hiari wa kwetu umeondoka.

Hatua ya 2. Nani anatakiwa kuthibitisha? Hapa ndo penyewe. Kuna kesi ya Anudo dhidi ya Tanzania, Mahakama ya Afrika ya haki za binadamu pale Arusha, hukumu ya Machi 2018. Jamaa alienda polisi Babati kufatilia mambo ya ndoa yake, pasipoti ikachukuliwa, baadae akafukuzwa kwenda Kenya, Kenya nao wakamkataa, akabaki anaishi katikati ya mipaka miwili huko Sirari. Mahakama ikasema mtu ameshakuwa na nyaraka za Tanzania, basi serikali inayobisha ndo ilete ushahidi, na kama mnabishania wazazi wake pimeni DNA, sio kutegemea maneno ya mashahidi wanaopingana. Mtu asiye na pesa ya wakili anapona au anaangamia kwa kanuni hii moja.

Hatua ya 3. Je alisikilizwa? Hukumu hiyohiyo iliitaka serikali irekebishe sheria ili mtu akinyang'anywa uraia aweze kwenda mahakamani.

Hatua ya 4. Vizuizi vya vyeo. Rais wetu lazima awe raia wa kuzaliwa, ibara ya 39. Kenya ibara ya 78 inakataza maofisa wa dola kuwa na uraia pacha ila majaji na wajumbe wa tume wameachwa, kwahiyo soma mpaka vijifungu vya chini.

MASWALI

Swali: Kaka mimi nipo Kigoma, babu alitokea Burundi, uhamiaji wananiita kila mara. Nifanyeje?
Jibu: Pole sana ndugu yangu. Nenda na kopi, ukiachia orijino dai maandishi ya kupokelewa, na tunza cheti cha kuzaliwa chako na cha mzazi, shule, kliniki, vyote.

Swali: Naweza kwenda Arusha moja kwa moja kama Anudo?
Jibu: Kwa sasa hapana mkuu. Tanzania ilijitoa Novemba 2019 kwenye tamko la kuruhusu watu binafsi kuishtaki kwenye Mahakama ya Afrika, na kujitoa huko kukaanza kufanya kazi Novemba 2020. Imebaki Mahakama ya Afrika Mashariki, nayo ipo Arusha, ila una miezi 2 tu tangu tukio, ukizubaa imekula kwako.