Kupanga uhamisho wa askari bila kuzalisha madeni

Nimekaa miaka mingi kwenye dawati la utumishi jeshini hapa Mbeya. Karibu kila deni la uhamisho nililolikuta lilianzia kwenye barua iliyosainiwa kabla fedha haijatengwa.

Hatua ya 1: Fungua ikama, yaani orodha ya nafasi za kazi za kikosi na waliozijaza. Ukishaona nafasi iliyo wazi, tafuta kwanza mwenye sifa hizo kambi za jirani. Kumtoa Iringa ni kama kilomita 330. Kumtoa Dar es Salaam ni zaidi ya 800, na lori la mizigo lipande mlima mkali wa Kitonga.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya kila mwaka atakaokaa. Hapa usikimbie. Jumlisha nauli ya askari, mwenza na watoto, usafiri wa mizigo, posho ya kujikimu na ya usumbufu, kisha gawa kwa miaka. Tuseme jumla ni shilingi milioni 4. Akikaa miaka 2, kila mwaka umegharimu milioni 2. Akikaa 4, ni milioni 1. Kwa hiyo soma tarehe zake: mkataba unaisha lini, anastaafu lini, kozi ipi inamsubiri. Niliwahi kupitisha uhamisho wa fundi aliyebakiza miezi 9 astaafu. Tulimlipa kuja, tukamlipa tena kurudi kwao. Inaniuma hadi leo, maana fedha ile ingehamisha familia ya kijana aliyekuwa akisubiri zamu yake.

Wenzetu wenye fungu nene nao wanabana: Mei 2025 Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliagiza bajeti ya uhamisho usio wa lazima ipunguzwe kwa nusu ifikapo 2030.

Hatua ya 3: Anayekwenda kozi ndefu asaini kabla ya kuondoka miaka atakayotumikia akirudi. Rubani wa Jeshi la Anga la Marekani hudaiwa miaka 10 ya utumishi baada ya mafunzo.

Hatua ya 4: Tafuta wa kubadilishana. Fuso linalopeleka mizigo Songea hulipiwa hata likirudi tupu. Wawili wa fani moja wakibadilishana, gari moja linahudumia familia mbili.

Hatua ya 5: Hamisha Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Mvua za huku zimeshaanza, kwa hiyo turubai ni lazima. Ukimhamisha baba katikati ya muhula, familia hubaki nyuma na mshahara mmoja hulisha nyumba mbili.

Hatua ya 6: Rasimu ya barua ianzie kwa mhasibu. Akishaandika kwamba fungu lipo, ndipo uipeleke kwa mkuu wa kikosi asaini.