Namna ya kuandaa jedwali la takwimu za nchi bila kulinganisha visivyolingana

Kabla ya kuingiza tarakimu hata moja, andaa safu tano: kinachopimwa, tarakimu, kizio, mwaka wa takwimu, na maelezo ya kilichohesabiwa. Safu ya tano ndiyo wengi huiacha, na hapo ndipo kazi huharibika. Ukikuta vyanzo viwili vinatofautiana kuhusu nchi moja, usikimbilie kusema kimoja kimekosea. Mara nyingi vyote ni sahihi, ila vimehesabu vitu tofauti.

Chukua eneo la nchi. Liandike mara tatu: eneo lote, nchi kavu, na maji ya ndani. Uganda ina kilomita za mraba zipatazo 241,550, lakini ukiondoa maziwa na vinamasi inabaki na karibu 200,000. Sensa ya 2024 ilihesabu watu takriban milioni 45.9. Ukigawa kwa eneo lote unapata watu 190 kwa kilomita ya mraba. Ukigawa kwa nchi kavu wanafika karibu 230. Kwa msongamano wa watu tumia nchi kavu, na ushikilie hivyo kwa kila nchi uliyonayo kwenye jedwali. Hata orodha za ukubwa hubadilika kwa sababu hiyo: Kanada ni ya pili duniani kwa eneo lote, lakini kwa nchi kavu pekee inashuka hadi ya nne, nyuma ya Urusi, China na Marekani.

Kuna kipimo cha haraka cha kujua kama orodha ya Afrika imepitwa na wakati. Ikiwa Sudan ndiyo ya kwanza kwa ukubwa, orodha hiyo ni ya kabla ya Julai 2011, Sudan Kusini ilipojitenga. Tangu hapo ya kwanza ni Algeria.

Urefu wa pwani uandike, lakini usiutumie kupanga nchi kwa nafasi. Ukipima kwa rula fupi zaidi, unafuata kona nyingi zaidi na urefu unaongezeka. Pwani ya bara la Norwei ni takriban kilomita 2,650 ukiruka ghuba zake nyembamba. Ukizifuata inazidi 25,000. Mipaka ya nchi kavu nayo ina shida hiyo hiyo. Mwanahisabati Mwingereza Lewis Fry Richardson aligundua kwamba mpaka mmoja kati ya Hispania na Ureno uliandikwa kilomita 987 upande mmoja na 1,214 upande wa pili.

Baharini, mamlaka ya nchi hupimwa kwa maili za baharini: 12 kwa bahari ya nchi yenyewe, na 200 kwa ukanda wa kiuchumi, kuanzia mstari wa msingi wa pwani. Maili moja ya baharini ni mita 1,852. Anayebadilisha kwa maili ya nchi kavu hupata kilomita 322 badala ya 370, na hivyo kuipunja nchi karibu kilomita 50 za bahari.

Kwa reli, tenganisha urefu wa njia na urefu wa reli zote zilizotandikwa. Kilomita 100 za njia mbili sambamba ni kilomita 200 za reli. Kisha zitenganishe kwa upana, yaani umbali kati ya vyuma viwili vya reli. Tanzania ina reli za milimita 1,000, 1,067 na 1,435, na behewa la moja halipiti kwenye nyingine bila kubadilishwa magurudumu au kuhamishwa mzigo. Jumla peke yake haikuambii mzigo utafika wapi. Angalia pia reli zinazovuka mpaka: TAZARA ina kilomita 1,860, lakini 975 ndizo zilizo Tanzania na 885 ziko Zambia. Ukiziweka zote kwa kila nchi, umehesabu mara mbili.

Umeme una mtego mmoja mkubwa. Megawati ni uwezo wa mitambo iliyofungwa, si umeme uliozalishwa. Mitambo ya megawati 1,000 ikifanya kazi saa zote 8,760 za mwaka hutoa gigawati-saa 8,760. Gawanya uzalishaji halisi kwa kiasi hicho. Ukipata zaidi ya asilimia 100, umechanganya vizio au miaka.

Viwanja vya ndege visihesabiwe tu. Andika urefu wa njia ya kurukia na kama ina lami, kwa kuwa orodha nyingi huweka pamoja viwanja vya nyasi na vya kimataifa. Meli nazo: bendera haionyeshi mmiliki. Mongolia haina bahari, lakini husajili meli.

Ulinzi unahitaji uangalifu kuliko yote. Wanajeshi walio kazini, askari wa akiba na vikosi vya usalama visivyo jeshi wapewe safu tatu, kamwe wasijumlishwe. Finland ina wanajeshi wachache kazini wakati wa amani, ilhali nguvu yake ya vita, inayotokana na akiba, ni takriban 280,000. Tofautisha pia sifuri (hakuna jeshi) na nafasi tupu (takwimu haijulikani): Kosta Rika ilifuta jeshi 1948, na Aislandi haina jeshi la kudumu ingawa ni mwanachama mwanzilishi wa muungano wa kijeshi wa NATO.

Matumizi ya ulinzi yaandikwe kwa fedha na kwa asilimia ya pato la taifa, kwa sababu asilimia inaweza kupanda bila senti kuongezwa. Nchi inayotumia 20 katika pato la 1,000 iko kwenye asilimia 2. Pato likishuka hadi 900, inafika 2.2. Chunguza kama pensheni zimo: NATO huzijumuisha, bajeti ya wizara huenda isizijumuishe. Na kwa nchi ambayo mwaka wake wa fedha huanza Julai, usigawe bajeti yake kwa pato la Januari hadi Desemba. Chukua nusu ya kila mwaka wa fedha unaogusa mwaka huo wa kalenda, kisha uandike kwenye safu ya tano kwamba ni makadirio.