Mgeni wako anajitolea Tanga, ana likizo na hela kiduchu? Mpangie hivi

Kama shuleni kwenu au kituoni kuna kijana kaja kujitolea, awe katoka Ujerumani, awe katoka Korea, iko siku atakuja kukuuliza likizo niende wapi na hela yenyewe ndo hii. Usikimbilie kumtajia Serengeti.

Kwanza muulize ana kibali gani. Wa kujitolea wanaokaa muda mrefu wengi wana kibali cha ukaazi daraja C, na hicho kibali ni hela jamani, maana hifadhi za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, zina bei ya mgeni wa nje na bei ya mgeni mkaazi, na ya mkaazi ni kama nusu. Serengeti msimu wa watalii wengi mgeni wa nje anatoa dola 70 kwa siku, VAT bado, gari bado, mafuta bado, sasa akikiacha kibali nyumbani pale getini watamhesabu kama aliyeshuka ndege jana. Mkenya au Mganda ndo kabisa, raia wa Afrika Mashariki analipa kwa shilingi na haumii.

Ila hata na kibali, kinachomaliza hela ni gari la kukodi na kurukaruka, leo Arusha kesho Zanzibar. Mwambie achague upande mmoja akae. Mimi nikiulizwa nasema Lushoto, kule milimani Usambara, na sibishani na mtu.

Aamkie stendi ya Kange hapa Tanga asubuhi, apande basi la Lushoto, linapita Muheza, Segera, Korogwe, likifika Mombo linaanza kupanda mlima kona kwa kona. Akikosa la moja kwa moja achukue lolote la Moshi au Arusha ashuke Mombo, pale kuna magari madogo ya kupandisha juu. Tiketi akate ofisini kwa basi, asikate kwa mpiga debe, nauli zinapangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, na mzungu analipa sawa na wewe, akitajiwa ya kwake peke yake aombe tiketi kwanza aone kama bei haitashuka yenyewe. Akifika juu aende kwenye mwamba wa Irente kwa miguu, aangalie tambarare huko chini, na akiwa na siku za kutosha atafute mwongozaji watembee mpaka kijiji cha Mtae wakilala vijijini njiani. Mwongozaji amchukue kwenye ofisi zao pale mjini, wakubaliane kila kitu kabla ya kutoka, chakula cha nani, kulala kwa nani, asiende na yule anayemdaka mkono stendi. Sokoni plamu na mapeasi ni bei ya kutupa. Na sweta abebe, mwezi wa sita mpaka wa nane Lushoto siyo Tanga hii ya kulala na feni!

Kulala ni gesti, kwa hela hii hoteli aisahau. Na hapa ndo kazi yako wewe mwenyeji, piga simu mwenyewe, uliza chumba self ni shingapi, maji yapo, neti nzima, malizana na bei kabisa ndo useme jina la mgeni, maana wakisikia lafudhi tu bei inapanda. Kula ni kwa mama ntilie. Hela aweke kwenye simu, na keshi kidogo mfukoni, ukishatoka mjini ATM ni za kutafuta.

Asiyependa baridi aende Pangani, njiani ashuke Tongoni aone msikiti na makaburi ya zamani. Pangani avuke na pantoni kwenda Bweni, na kama anataka kisiwa cha Maziwe atafute wenzie, mashua inakodiwa nzima nzima kwa hiyo mkiwa sita inagawanyika. Waulize maji kwanza, bamvua likijaa kile kisiwa hakionekani, mtaelea tu hapo juu.

Siku za kubaki mjini Amboni mapangoni na Raskazone ufukweni jioni, zinatosha.

Zanzibar iwe ya mwisho. Tangu Oktoba 2024 mgeni wa nje anakata bima ya dola 44 kuingia kule, mwenye kibali cha ukaazi aulize kwanza kabla hajalipia. Boti aulizie bandarini, na akitokea mtu anamwambia kuna jahazi la mizigo linaenda Pemba usiku, bei poa, aachane nalo, bahari haina mchezo na uhamiaji nao hawana mchezo.

Halafu tarehe. Kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa tano ni masika, gesti zinapatikana na bei zinalegea, lakini njia za milimani zinakuwa tope na gari zinakwama, kwa hiyo likizo ikiangukia mwezi wa nne Mtae msubirishe, aende Pangani na mwamvuli.