Halmashauri inataka kituo cha vijana? Someni hii kabla hamjaita mkandarasi

Nimekaa kwenye kamati za mambo haya zaidi ya mara moja na mwanzo wake unafanana karibu kila sehemu. Kikao cha kwanza tu mtu anachomoa mchoro, jengo zuri kweli, ukumbi mkubwa, vioo mbele, na watu wanaanza kubishania rangi ya bati. Mchoro ukishatua mezani ndo basi tena, hakuna anayeuliza vijana watakuja kufanya nini mle ndani na nani atakuwa ameshika ufunguo saa moja jioni. Kwahiyo naandika kwa diwani, kwa afisa anayeshughulika na vijana, na kwa wewe kijana ambaye umekuwa ukizungushwa ofisini kila wiki ukiulizia hiki kituo. Fuateni mpangilio huu hata kama mna haraka.

Kwanza kubalianeni kijana ni nani. Inaonekana swali jepesi ila sio. Umoja wa Mataifa kwenye takwimu zake unahesabu miaka 15 hadi 24, Mkataba wa Vijana wa Afrika wa 2006 unaenda 15 hadi 35, na ukweli ni kwamba watakaowahi kufika mlangoni siku ya kwanza ni watoto wa miaka 11 na 12. Sasa mtoto wa 12 na kaka mtu wa miaka 30 hamuwezi kuwaweka chumba kimoja kwa wakati mmoja na mkategemea wote wafurahie, mmoja atamfukuza mwenzake bila hata kusema neno. Andikeni umri kabisa, na kama mnataka rika zote basi mgawe masaa, wadogo baada ya shule, wakubwa jioni. Na kumbukeni kwa Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, ina maana siku mtakayofungua mlango mmeshachukua jukumu la kuwalinda, nitarudi kwenye hilo maana ndo sehemu inayonikosesha usingizi.

Kuwauliza vijana wenyewe

Kifungu cha 12 cha huo huo mkataba kinasema mtoto mwenye uwezo wa kuwa na maoni yake ana haki ya kuyatoa kwenye mambo yanayomhusu na yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Yapewe uzito, sio yaandikwe tu kwenye muhtasari. Kuna mtafiti anaitwa Roger Hart, mwaka 1992 alichora ngazi ya ushirikishwaji yenye vipandio 8 kwenye kazi iliyotolewa na UNICEF, na vile vitatu vya chini alisema havihesabiki kama ushirikishwaji: kuwatumia watoto kwa ajenda ya wakubwa, kuwaweka kama mapambo, na kuwapa nafasi ya jina tu. Kuita vijana watano wavae fulana zinazofanana wapige picha na mwenyekiti hicho ni kipandio cha pili, ijapokuwa ripoti itaandikwa "vijana walishirikishwa".

Sasa jinsi ya kuuliza. Usiitishe mkutano saa nne asubuhi siku ya kazi kwenye ukumbi wa halmashauri, watakuja wale wale wanaokuja kila mkutano. Wafuate walipo, vijiweni, uwanjani, nje ya geti la shule, saluni, stendi, nyumba za ibada. Halafu usiulize "mnataka nini", kwasababu kila mtu atakutajia jimu, waifai na uwanja, hayo ndo majibu anayojua unataka kuyasikia. Muulize jana yake ilikuwaje, alipotoka shule au kazini alienda wapi, alikuwa na nani, kwanini aliondoka pale, alifika nyumbani saa ngapi. Ukiwauliza hivyo watu 60 hivi unaanza kuona picha yenyewe, kwamba kumbe wanachokosa wengi ni sehemu ya kukaa tu bila kufukuzwa na bila kulazimika kununua kitu, au sehemu yenye utulivu na taa ya kusomea, au mtu mzima wa kuongea naye ambaye hatampigia mama simu.

Wasichana waulizeni peke yao na aulize mwanamke, tafadhali sana. Mkiwachanganya kwenye kundi moja wavulana wataongea na wasichana watatingisha kichwa, na mtajenga kituo cha meza ya puli. Watafuteni pia vijana wenye ulemavu, wenye watoto tayari, wanaofanya kazi majumbani na hawatoki, hao hawatakuja kwenye mkutano wowote, lazima umpate mtu wanayemwamini akupeleke.

Halafu, na hili wengi hawafanyi, rudini kwao na majibu. Mlisema hivi, tumefanya hivi, hili limeshindikana kwa sababu hii. Kijana ukimuuliza mara moja usirudi hatakujibu tena, na ana haki.

Wapeni pia kitu cha kuamua kweli. Mji wa Porto Alegre kule Brazili ulianza mwaka 1989 kuwaachia wananchi waamue sehemu ya bajeti ya mji, na utaratibu huo umeigwa na miji mingi duniani. Ninyi hamhitaji kuanza na makubwa, tengeni sehemu ya pesa, labda ya samani na vifaa, vijana wapige kura, na kura yao ndo iwe mwisho, asije ofisa akaipindua kesho yake. Na mwanzoni kabisa muwaambie kipi tayari kimeshaamuliwa, kama kiwanja kimeshapatikana waambieni kimeshapatikana, msiwaulize kitu ambacho jibu lake mnalo mfukoni.

Anzeni bila jengo

Hapa ndipo huwa nabishana na watu. Azimeni chumba, darasa la shule, ukumbi wowote ulio wazi jioni, fungueni siku tatu kwa wiki kwa miezi sita, wekeni mtu mmoja au wawili wanaolipwa. Mtajua ni saa ngapi watu wanakuja, wanatokea upande gani, nani haji kabisa, kipi kinawashika na kipi wanakiacha baada ya wiki mbili. Kwa gharama ya sehemu ndogo sana ya jengo mtakuwa mmejifunza vitu ambavyo mchoro hauwezi kuwaambia, na siku jengo likiisha mnahamia mkiwa na watu tayari, hamfungui ukumbi mtupu. Inawezekana pia mkagundua hamhitaji jengo jipya, mnahitaji kukarabati la zamani na kulipa watu vizuri. Najua jengo jipya linazinduliwa na ukarabati hauzinduliwi, lakini angalieni vijana wenu kwanza.

Kiwanja msikichague kwenye ramani. Tembeeni kwa miguu kutoka sehemu wanazoishi, mchana halafu muirudie njia ile ile saa mbili usiku. Kuna taa? Kuna kichaka, daraja, baa? Binti wa miaka 15 atapitaje hapo akirudi? Kama mtaani kuna makundi yasiyopatana jueni mpaka wao uko wapi, kituo kikiwa ndani ya eneo la kundi moja lingine haliji. Nyuma ya kituo cha polisi pia sishauri. Na hati ya kiwanja iwe safi kabla hata jiwe halijawekwa. Majirani nao wafuateni mapema kuhusu kelele, nendeni nyumba kwa nyumba.

Jengo lenyewe, kwa ufupi: chumba kimoja kikubwa ambacho mhudumu wa mapokezi anakiona chote bila kuinuka, vyumba viwili vidogo vya mazungumzo ya faragha ambavyo mlango una kioo, vyoo vyenye komeo zinazofunga na sehemu ya kutupia pedi, na stoo. Stoo husahaulika kila mara, halafu mipira na viti vinaishia kwenye chumba cha ushauri. Njia ya kiti cha magurudumu mteremko wake usizidi 1 kwa 12, yaani kama sakafu imeinuka nusu mita njia iwe na urefu wa mita 6, kwahiyo itengeeni nafasi kwenye mchoro toka mwanzo maana mwishoni hamtaipata. Milango iwe na uwazi wa karibu sentimita 90, na chooni pawe na nafasi ya kiti kugeuka, mduara wa sentimita 150. Kama eneo ni dogo msilazimishe uwanja kamili wa kikapu wa mita 28 kwa 15, ule wa watatu kwa watatu ni mita 15 kwa 11, na mchezo huo uko Olimpiki toka michezo ya Tokyo iliyochezwa 2021, kwahiyo hamuwapi vijana kitu cha daraja la chini.

Pesa ya kuendesha

Pesa ya kujenga inatoka mara moja. Ya kuendesha inatoka kila mwaka mpaka jengo lizeeke, na hiyo ndo inayoua vituo. Kaeni chini muandike yote: mishahara, umeme, maji, intaneti, usafi, mlinzi, bima, matengenezo, kompyuta zitakazokufa baada ya miaka michache. Halafu mpeleke kwenye baraza la madiwani kifungu cha bajeti cha uendeshaji kipitishwe KABLA ya msingi kuchimbwa. Kama baraza halipo tayari kupitisha hicho kifungu basi haliko tayari kwa kituo, punguzeni ukubwa mpaka mfike mnapoweza kupabeba. Wafadhili wanapenda kujenga, ni wachache sana watakaolipa mshahara mwaka wa nne, msijenge matumaini yenu juu yao. Kukodisha ukumbi kwa sherehe kunaleta hela kidogo sawa, ila wekeni masharti, maana wikiendi ikishaanza kukodishwa ndo siku vijana walikuwa wanaihitaji.

Kitu kingine kinachoniuma, majengo ya vijana huwa yanaliwa. Halmashauri inakosa ofisi, idara moja inahamia "kwa muda", baadae nyingine, mwisho vijana wamebaki na kibaraza. Dawa yake ni kuandika kwenye azimio la baraza zima, au sheria ndogo kama inawezekana, kwamba jengo matumizi yake ni haya na kuyabadili ni mpaka baraza lipige kura na kamati ya vijana isikilizwe. Uchaguzi unakuja na kupita, diwani aliyelipigania hatakuwepo siku zote, karatasi itakuwepo. Na mikutano ya vyama vya siasa isifanyike humo, cha chama chochote.

Watu na usalama

Mhudumu mzuri kwenye chumba kibovu atakuwa na vijana, jengo zuri lenye mtu mkali au mvivu litabaki na popo. Ajirini mtu anayejua kukaa na vijana bila kuwahubiria na bila kujifanya mwenzao, na mumlipe kama mtu mwenye taaluma, sio posho ya nauli.

Ulinzi wa watoto msiuahirishe hata wiki moja. Kila mtu mzima, awe mwajiriwa, wa kujitolea, kocha, hadi mlinzi wa geti, achunguzwe historia yake na watu wawili wanaomfahamu waulizwe kwa simu. Wakati wote kituo kikiwa wazi wawepo watu wazima wawili au zaidi. Hakuna mtu mzima kujifungia na mtoto peke yao, hakuna kumchukua binafsi kwenye gari. Awepo mtu mmoja anayejulikana wa kupokea taarifa, na njia ya pili nje ya kituo endapo anayelalamikiwa ni huyo huyo, na hizo njia ziandikwe ukutani kwa lugha nyepesi hadi ndani ya vyoo. Mtu akija na pesa nyingi au kujitolea kwingi na hataki kuchunguzwa, mkataeni, hata awe mkubwa kiasi gani.

Sheria za ndani waandike vijana, mtashangaa zitakuwa kali kuliko zenu. Mkisimamisha mtu mpeni tarehe ya kurudi, kwasababu anayefukuzwa moja kwa moja mara nyingi ndo aliyekuwa anakihitaji kituo kuliko wote. Kamati ya vijana iwe na muhula, mwaka mmoja au miwili, viti nusu vya wasichana, na wapewe taarifa ya matumizi kila mwezi kama wajumbe wengine.

Masaa yafuate maisha yao: jioni, wikiendi, likizo. Kituo kinachofungwa saa kumi jioni ni ofisi. Fungueni kimya kimya mwezi mzima kabla ya uzinduzi ili makosa madogo yarekebishwe bila kamera.

Na hesabuni, ila msihesabu vichwa peke yake. Andikeni umri, jinsia, mtaa aliotoka, na kama ni mara ya kwanza au amerudi. Mwezi wa tatu utakuta wasichana wameanza kupungua, msikimbilie kusema hawapendi michezo, kaangalieni kama komeo la choo bado linafunga na kama taa ya njia ya kurudi haijaungua.