Kijana wa sekondari anasoma kwa shida? Tafuta kwanza alipokwama

Kabla hujalipia tuisheni, mpime nyumbani. Chukua kitabu cha Kiswahili cha darasa la nne, hesabu maneno 100 ya hadithi, mkae wawili tu, wadogo zake wasisikie. Asome kwa sauti huku saa ya simu ikienda. Kila neno analokosea au kuruka litie alama ya penseli, ila usimsahihishe njiani. Akimaliza, funga kitabu umuulize nani alifanya nini, na kwa nini.

Makosa yakizidi 10, shida huwa kwenye silabi. Tazama alama zako: wengi hukwama kwenye mbw, nyw na ng', au husoma mwanzo wa neno wakabahatisha mwisho, "hawakutukumbusha" likawa "hawakukumbuka". Huyu KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) haikumkaa. Katika darasa lililofurika, mwalimu hapati nafasi ya kumsikiliza kila mtoto, na anayeitikia kwa pamoja na wenzake haonekani. Mpe maneno marefu 10 kila siku, ayakate kwa penseli, ha/wa/ku/tu/ku/mbu/sha, kisha ayasome mazima.

Makosa ni machache lakini amepita dakika 2? Amekosa mazoezi. Nguvu zote zinaishia kwenye kutamka, akifika mwisho wa sentensi mwanzo umeshamtoka. Asome aya ileile mara tatu au nne kwa siku.

Anayesoma Kiswahili vizuri, mpime tena kwa kitabu cha Biolojia cha kidato cha kwanza. Wanaotoka shule za msingi zinazofundisha kwa Kiswahili hukutana na Kiingereza karibu katika kila somo, wakatamka kurasa nzima wasiambulie kitu. Maneno mapya matano kwa siku yanatosha, kila moja alitungie sentensi yake. Kukariri maana pekee hakumsaidii.

Akisogeza kitabu puani, akiruka mistari au akilalamika kichwa, apimwe macho kwanza.

Tazameni na ratiba ya nyumbani. Binti anayepika na kuosha vyombo hadi saa tatu usiku hufungua daftari akisinzia. Kaka yake naye aoshe, si haki vinginevyo. Mvulana anayevuruga kipindi kila akiitwa kusoma mara nyingi anaficha aibu, na fimbo itaizidisha.

Vitabu vya kusoma vipo Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam. Baada ya wiki nne mpime tena, kwa hadithi nyingine ya kiwango kilekile, maana ile ya kwanza ameshaizoea.