Kagua kadi yako ya punguzo la treni Uingereza kabla mkaguzi hajaikagua

Mpwa wangu alinipigia simu kutoka kituoni huku sauti ikimtetemeka. Kadi anayo, tiketi anayo, na bado ameandikiwa faini. Tulikaa jioni nzima kutafuta kosa liko wapi. Naandika haya ili wanafunzi wanaotoka nyumbani kuja kusoma huku wasiyapate yaliyompata.

1. Pata kadi

Ya vijana inaitwa 16-25 Railcard. Ni pauni 35 kwa mwaka na hupunguza theluthi moja ya nauli. Hata ukiwa na miaka 40, mradi unasoma muda wote, unaruhusiwa kuiomba. Chukua ya plastiki. Ya kwenye simu ni halali, lakini chaji ikiisha, mbele ya mkaguzi huna kadi. Picha ya skrini nayo haikubaliki.

2. Soma tarehe

Kadi inatakiwa iwe hai siku unayosafiri. Kununua tiketi kabla kadi haijaisha hakukusaidii. Na kama mna Two Together, yaani kadi moja ya watu wawili, wenye picha wote wawili muwe kwenye treni hiyo hiyo.

3. Tazama saa ya treni

Hapa ndipo mpwa wangu alipokwama. Jumatatu hadi Ijumaa, kati ya saa 10:30 alfajiri na saa 4:00 asubuhi (saa za kituoni zitasomeka 04:30 na 10:00), kadi ya 16-25 ina nauli ya chini ya pauni 12. Maana yake, kama nauli kamili haifiki pauni 12, punguzo hakuna, unalipa yote. Ikiwa kati ya pauni 12 na 18, unalipa 12. Kuanzia 18 kwenda juu ndipo unapata theluthi yako kamili.

Sharti hili haligusi wikendi, sikukuu za taifa, wala Julai na Agosti. Tiketi za Advance, zile za kununua mapema, pia haziguswi, ila hizo zimefungwa kwenye treni moja tu.

Mtego uko kwenye tiketi ya Anytime. Jina linasema wakati wowote, na mpwa wangu akaliamini. Alinunua kwenye programu akichagua treni ya saa 4 na robo, akapunguziwa, kisha akapanda ya saa 2 kasoro kwa sababu ya kipindi. Mwaka 2024 kijana mmoja aliyekuwa akienda Wigan alitishiwa kupelekwa mahakamani kwa pengo la pauni 1.90 lililotokana na sharti hili hili, mpaka kesi ikafutwa baada ya watu kupiga kelele. Kwa hiyo unaponunua, chagua treni utakayopanda kweli. Ukibadili nia na kutaka kuwahi, pitia dirishani kwanza, lipa tofauti, ndipo upande. Mimi dirisha naliamini kuliko mashine.

4. Ukiisahau nyumbani

Lipa unachodaiwa na utunze risiti. Mara moja katika miezi 12 unaweza kudai urudishiwe, ukionyesha kuwa kadi ilikuwa hai siku ile.

5. Ukiandikiwa faini

England ni pauni 100 juu ya nauli ya kwenda, nayo hushuka hadi 50 ukilipa ndani ya siku 21. Rufaa pia ni siku 21. Andika jina lako la kweli, usigombane na mkaguzi, na barua ya rufaa uianze usiku huo huo.